Kifungu Kilichorithiwa

Mtaa wa Lumumba jijini Dar es Salaam zamani ukiitwa New Street. Ukiupita na haraka zako kutokea Mnazi Mmoja, kinachokuvuta macho ni wauza kofia na fulana za kijani, bajaji zinazogombea abiria, na meza ya magazeti iliyozungukwa na watu sita saba wanaosoma vichwa vya habari wakiwa wamesimama, mikono nyuma, bila nia ya kununua. Ofisi ya CCM iko hapo, na kabla yake ilikuwapo ofisi ya TANU. Nilianzia hapo kwa sababu karatasi zilizotoka katika chama hicho mwaka 1958 ndizo zilizompandisha Julius Nyerere kizimbani.

Nilichokuwa nafuata si mtu wala chama. Ni kundi dogo la vifungu vya sheria, vile vinavyomfanya mtu awe mhalifu kwa sababu ya alichosema juu ya wakubwa. Vifungu hivi vina umri mrefu kuliko nchi zetu. Vimewafunga wapigania uhuru, kisha hao wapigania uhuru wakavitumia kuwafunga wengine. Njia yake inapita Dar es Salaam, Mombasa na Kampala, na inaishia Arusha, mji ambako majaji walivitazama kutoka pande mbili zinazopingana.

Sauti ya TANU halikuwa gazeti la mitambo mikubwa. Lilipigwa taipu juu ya stensili, likadurufiwa, likagawiwa kwa wanachama na kusomwa kwa sauti kwa wasiojua kusoma. Mengi ndani yake aliyaandika Nyerere mwenyewe, ambaye alikuwa ameacha ualimu Pugu miaka 3 nyuma. Serikali haikuwa na hamu naye. Mwaka 1957 Gavana Edward Twining alimpiga marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara kwa miezi kadhaa, na kule Usukumani matawi ya TANU yalikuwa yamefungiwa tangu 1954. Mtu aliyezibwa mdomo uwanjani akabaki na kalamu.

Mei 1958 aliitumia kalamu hiyo dhidi ya mabwana shauri wawili, yaani wakuu wa wilaya wa kikoloni. Aliwatuhumu kwa kutumia vibaya madaraka yao dhidi ya watu wa TANU, kwa lugha ya mtu aliyechoka kuvumilia. Serikali ikamshtaki kwa kashfa ya jinai. Hiyo si sawa na kashfa ya madai, ambayo aliyeumizwa jina anafungua kesi mwenyewe akidai fidia. Katika kashfa ya jinai dola ndiyo inayokushtaki, kwa polisi wake na waendesha mashtaka wake, na mwisho wa safari unaweza kuwa gerezani kwa ajili ya heshima ya ofisa mmoja.

Kesi ilianza Julai. Upande wa utetezi alikuwapo D. N. Pritt kutoka London, wakili yule yule aliyemtetea Jomo Kenyatta kule Kapenguria, akisaidiwa na mawakili wa Dar es Salaam, K. L. Jhaveri na M. N. Rattansey. Watu walifurika nje ya mahakama. Mwezi huo huo aliwasili gavana mpya, Richard Turnbull, na mtu anaweza kuwaza zawadi gani ile ya makaribisho: kiongozi wa chama kikubwa kuliko vyote nchini yuko kizimbani, na uchaguzi wa kura tatu, ule wa kila mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, unakuja Septemba. Agosti hukumu ikatoka. Nyerere akapatikana na hatia, faini shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6.

Alilipa. Wako waliotamani aende jela, kwa kuwa jela wakati ule ilikuwa cheti cha uongozi. Kwame Nkrumah alitoka gerezani moja kwa moja kwenda kuunda serikali. Nadhani Nyerere alipima vizuri. TANU ilikuwa imekubali mjini Tabora, Januari ya mwaka huo, baada ya mabishano makali, kuingia katika uchaguzi ambao wengi hawakuupenda. Kiongozi akiwa ndani, chama kingeingia uchaguzini na hasira bila mpango.

Sasa tuviangalie vifungu vyenyewe, maana kashfa ya jinai ilikuwa na ndugu yake mkubwa zaidi: uchochezi. Vyote viwili vilikaa katika Kanuni ya Adhabu. Tanganyika, Kenya na Uganda zilipata kanuni zao za adhabu mwaka 1930, zikichukua nafasi ya sheria za jinai za India zilizokuwa zikitumika kabla. Rasimu zilifanana kwa sababu zilitoka kwenye kiolezo kimoja cha Wizara ya Makoloni mjini London. Nia ya uchochezi, kwa mujibu wa kiolezo hicho, ni nia ya kuwafanya watu waichukie au waidharau serikali, kuwatia kinyongo dhidi yake, kuamsha manung'uniko miongoni mwa raia, au kupandikiza uhasama kati ya tabaka na tabaka. Kinga ilikuwapo: ukionyesha tu kwamba serikali imepotoka, kwa lengo la kuirekebisha, hujatenda kosa. Lakini kinga hiyo ilitanguliwa na mtego, kwa sababu sheria ilisema mtu atahesabiwa amekusudia matokeo ambayo kwa kawaida yangefuata maneno yake. Yaani nia yako unaambiwa na hakimu.

Soma tena orodha ile. Hakuna mahali palipotakiwa kuonyeshwa kwamba jiwe limerushwa, duka limechomwa, au hata kwamba msomaji mmoja amekasirika. Swali hili lilifika mpaka London. Mwaka 1936 gazeti moja la Accra, lililohaririwa na Nnamdi Azikiwe, lilichapisha makala ya I. T. A. Wallace-Johnson, Msierra Leone mwenye ulimi mkali, akiuliza kama Mwafrika ana Mungu. Alitozwa faini kwa uchochezi, akakata rufaa hadi Baraza la Faragha, mahakama ya mwisho ya makoloni. Hoja ya upande wake ilikuwa kwamba huko Uingereza kwenyewe mtu hafungwi kwa uchochezi mpaka ionekane alitaka kuzua ghasia. Wazee wa London wakajibu kwamba hilo ni la Uingereza. Koloni lina kanuni yake iliyoandikwa, na kanuni haisemi neno ghasia. Rufaa ikatupwa. Tangu hapo Mwingereza wa Manchester na Mwafrika wa Accra waliishi chini ya mfalme mmoja na sheria mbili za kusema.

Tanganyika haikuchelewa kuionja. Mwafrika lilikuwa gazeti la Kiswahili lililoanza 1957, na tofauti na Mambo Leo, ambalo lilikuwa la serikali tangu 1923, hili lilikuwa la Waafrika wenyewe na halikuficha upande wake. Mwaka 1959 wahariri wake, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, walihukumiwa kifungo kwa uchochezi. Nyerere alikuwa na chaguo la kulipa. Wao walikwenda ndani.

Ukiwa kijana wa TANU wakati ule ungeamini kwamba siku bendera ya Waingereza itakaposhuka, vifungu hivi navyo vitakunjwa pamoja nayo.

Havikukunjwa. Tanganyika iliingia uhuru Desemba 1961 bila sura ya haki za binadamu katika katiba yake. Hoja ya viongozi ilikuwa kwamba nchi changa, yenye umaskini na majaji ambao wengi wao bado walikuwa wageni, haiwezi kuruhusu kila hatua ya maendeleo isimamishwe na kesi. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Watu wenye akili timamu waliishikilia kwa nia njema. Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 1962, miaka 4 baada ya kesi ya Sauti ya TANU, Bunge lilipitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyomruhusu rais kumfungia mtu bila kumfikisha mahakamani. Mwaka 1965 tume iliyoongozwa na Rashidi Kawawa kutafuta sura ya mfumo wa chama kimoja ilikataa tena kuweka haki hizo katika katiba, ikapendekeza badala yake chombo cha kusikiliza malalamiko, na ndipo ikazaliwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi. Kuhusu uchochezi, kazi ilikuwa ndogo: palipoandikwa Mfalme pakaandikwa Jamhuri. Mwenye nyumba mpya alipaka rangi kuta, akaacha kufuli zile zile mlangoni.

Kenya ilichukua njia nyingine kwenye karatasi. Katiba yake ya 1963 ilikuwa na sura nzima ya haki, ikiwamo haki ya kusema, pamoja na mlolongo wa mipaka. Ilisaidia nini? Kwa jibu nilivuka mpaka kwenda Mombasa.

Abdilatif Abdalla alizaliwa Kuze, Mombasa, mwaka 1946, katika nyumba ambayo ushairi ulikuwa kama hewa. Ndugu yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, ni jina ambalo mpenzi yeyote wa tungo za Kiswahili analijua. Yeye mwenyewe alikuwa kijana wa kazi za hesabu katika baraza la manispaa, na mfuasi wa KPU, chama alichokianzisha Oginga Odinga mwaka 1966 baada ya kutofautiana na Kenyatta. Mwaka 1968 ulipofika uchaguzi wa serikali za mitaa, fomu za wagombea wa KPU, takribani 1,800, zilikataliwa zote kwa madai ya kujazwa vibaya. Za KANU, chama tawala, zilikuwa salama. Watu wa chama kizima hawajui kujaza fomu!

Kijana huyo wa miaka 22 akaandika waraka. Aliuita *Kenya: Twendapi?* Ulikuwa wa kurasa chache za Kiswahili, uliosambazwa kwa siri, mkono kwa mkono. Uliuliza kilichoandikwa kwenye kichwa chake, ukaishutumu serikali kwa udikteta, ukaonya kwamba watawala wakiziba njia ya kura wananchi watatafuta njia nyingine. Ni waraka mkali, sitaki kuulainisha. Mwisho wa mwaka akakamatwa.

Shtaka lilikuwa uchochezi, kwa kifungu cha mwaka 1930. Palipokuwa na Mfalme sasa palikuwa na Rais. Na Rais mwenyewe alikuwa mtu aliyewahi kukaa miaka katika jela za wakoloni baada ya kesi ambayo dunia nzima iliiona kuwa ya kisiasa. Mahakama ya Mombasa ilimpa Abdilatif miezi 18. Serikali haikuridhika, ikakata rufaa, na Mahakama Kuu ikaifanya miaka 3. Mkuki kwa nguruwe mtamu, walisema wahenga, na sehemu ya pili ya methali hiyo kila mmoja anaijua.

Aliitumikia katika magereza ya Kamiti na Shimo la Tewa, akitengwa na wafungwa wenzake. Shimo la Tewa si mbali. Ni kaskazini ya mji, kwenye barabara ya Malindi kabla hujavuka daraja la Mtwapa, na matatu zinapita hapo siku nzima zikiwa zimejaa watu waendao pwani kuogelea. Ukitazama kutoka barabarani huoni kitu ila uzio na minara. Mle ndani hakuruhusiwa karatasi. Alichokuwa nacho ni karatasi za msalani, na juu yake akaandika tungo kwa lahaja ya Kimvita, kwa mizani na vina kamili, kisha zikatolewa nje kwa siri. Hebu fikiria kazi hiyo kama kazi. Karatasi ile ni laini, inachanika ncha ikikaza, na haivumilii kufuta. Mshairi wa bahari zenye masharti makali namna hii kwa kawaida anaandika, anakata, anarudia. Yeye ilimbidi ubeti uive kichwani kwanza, ndipo ushuke.

Mojawapo ya tungo hizo inaitwa *Kuno Kunena*, nayo ni ya mtu anayeuliza kama kunena kwake ndiko kosa lililomfikisha hapo. Zingine ni za baba aliyetengwa na mtoto, za ndugu wanaogombania mnazi, za mfungwa anayekataa kujuta. Serikali ilimfunga kwa ajili ya kurasa chache ambazo wachache waliziona. Ikapata kitabu ambacho vizazi vimekisoma darasani. Alitoka Machi 1972. *Sauti ya Dhiki* ikachapishwa na Oxford University Press mjini Nairobi mwaka 1973, na mwaka 1974 ikashinda tuzo ya fasihi. Tuzo hiyo ilikuwa na jina la Jomo Kenyatta.

Wakati huo mwandishi wake alikuwa keshahamia Dar es Salaam, akifanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Baadaye alikwenda London, kisha Leipzig, alikofundisha hadi 2011. KPU ilipigwa marufuku Oktoba 1969, Odinga akawekwa kizuizini, na swali la waraka likabaki bila kujibiwa.

Nayapita haraka ya miaka iliyofuata Kenya kwa sababu yanafanana mno, ila moja siwezi kuliacha. Mwaka 1990 mchungaji Lawford Imunde alihukumiwa miaka 6 kwa uchochezi kutokana na aliyoyaandika katika shajara yake mwenyewe. Hakuyachapisha, hakuyahubiri. Kifungu kilichoandikwa ili kulinda utulivu wa koloni kilikuwa kimefika mahali pa kumfunga mtu kwa kuongea na nafsi yake. Kenya ilifuta kosa la uchochezi mwaka 1997, katika mageuzi ya dakika za mwisho kabla ya uchaguzi, na mwaka 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu akatangaza kwamba kashfa ya jinai nayo haipatani na katiba ya 2010.

Kwetu Tanzania kifungu hakikufutwa. Kilihama. Kutoka Kanuni ya Adhabu kilihamia Sheria ya Magazeti ya 1976, ambayo pia ilimpa waziri uwezo wa kulifungia gazeti. Mwaka 1984 haki za binadamu ziliingia hatimaye katika katiba, lakini Bunge likaahirisha kwa miaka 3 haki ya mwananchi kwenda mahakamani kuzidai. Ibara ya 18 ilimpa kila mtu uhuru wa maoni, ila kwa kuufungamanisha na sheria za nchi, yaani pamoja na sheria zile zile ambazo ibara ilitakiwa kuzipima. Kauli hiyo ya kujifunga iliondolewa mwaka 2005. Katikati hapo Tume ya Jaji Francis Nyalali, mwaka 1992, ilizitaja sheria 40 kuwa kandamizi, na Sheria ya Magazeti ilikuwamo.

Mara chache jaji mmoja akipata moyo, mambo yanasogea. Kahwa Lugakingira, akiwa Mahakama Kuu Dodoma, aliisikiliza kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, mtu aliyekuwa na vipaza sauti vingi kuliko marafiki. Mwaka 1994 akaamua kwamba chama hakitakiwi kuomba kibali cha serikali ili kufanya mkutano wa hadhara, taarifa inatosha. Mtikila hakuwa mtu wa kupendeza kwa kila sikio, na hilo ndilo linaloipa hukumu ile uzito.

Magazeti yaliendelea kufungiwa. MwanaHalisi lilifungiwa bila ukomo Julai 2012. Mwaka 2013 ikawa zamu ya Mwananchi na Mtanzania. Sheria ya Magazeti ilipofutwa mwaka 2016 wengi walishusha pumzi, mpaka waliposoma iliyochukua nafasi yake, Sheria ya Huduma za Habari. Vifungu vya 52 na 53 ni vya uchochezi. Ukiweka maneno yake kando ya yale ya 1930 utaona ndugu hawa wanafanana sura: chuki, dharau, kinyongo, manung'uniko.

Uganda walitutangulia, tena kwa ukaidi wa wanahabari wawili. Septemba 1997 gazeti la *The Monitor* lilinukuu taarifa kutoka jarida la nje, kwamba Rais Laurent Kabila wa Kongo aliilipa Uganda kwa dhahabu. Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda wakashtakiwa kwa kuchapisha habari za uongo. Hakimu aliwaachia, lakini hawakutaka kuachiwa tu. Walitaka kifungu kife. Walishindwa Mahakama ya Katiba, wakapanda Mahakama ya Juu, na Februari 2004 Jaji Joseph Mulenga akaandika hukumu ambayo ningependa isomwe katika kila chuo cha uandishi wa habari kwenye ukanda huu. Kiini chake ni kwamba ulinzi wa katiba hauwi wa kauli za kweli peke yake, na anayetaka kuuwekea mipaka lazima aonyeshe hatari yenyewe, si uwezekano wa mbali wa hatari. Mwaka uliofuata Mwenda akawa tena mashakani, safari hii kwa uchochezi, kwa maneno aliyoyasema redioni kuhusu ajali ya helikopta iliyomuua John Garang, kiongozi wa Sudan Kusini. Agosti 2010 Mahakama ya Katiba ikakibatilisha kifungu cha uchochezi pia.

Niliacha Arusha kuwa kituo cha mwisho kwa makusudi. Anayetetea vifungu hivi ana hoja moja ambayo haipuuzwi, na hoja hiyo ilisikilizwa Arusha kwa miaka. Inaitwa Rwanda. Katika jengo la AICC, lile lenye minara mitatu ambalo kila dereva teksi wa mji analijua, ilikaa Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda. Tarehe 3 Desemba 2003, jopo lililoongozwa na Jaji Navanethem Pillay wa Afrika Kusini liliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waanzilishi wa redio ya RTLM, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Wakati wa mauaji ya kimbari redio ile ilitaja watu kwa majina, ikasema walipo, na wauaji wakawafuata. Rufaa ya 2007 iliondoa baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, lakini washtakiwa wote watatu walibaki na vifungo vya miaka 30 na zaidi. Anayesema maneno hayajawahi kumuua mtu hajapita hapo.

Basi je, wakoloni walikuwa sahihi? Jibu lilitoka mji huo huo. Desemba 2014 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kesi ya Lohé Issa Konaté, mhariri wa Burkina Faso aliyefungwa mwaka mmoja kwa kuandika juu ya mwendesha mashtaka wa serikali. Ilisema kifungo kwa kosa la kashfa kimevunja Mkataba wa Afrika. Kisha tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, katika kesi iliyofunguliwa na Baraza la Habari Tanzania na wenzake wawili, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu, ilivipitia vifungu vya Sheria ya Huduma za Habari kimoja kimoja. Vya uchochezi vilianguka. Majaji walisema tafsiri ya kosa hilo imeegemea hisia ambazo huenda msikilizaji akazipata, hivyo mwandishi hawezi kujua mapema amevuka mstari au hajavuka.

Weka hukumu ya 2003 na ya 2019 mezani pamoja, hazigombani. RTLM haikuhukumiwa kwa kuidharau serikali. Ilikuwa upande wa wenye nguvu, ikiwaelekeza wauaji kwa majirani wasio na ulinzi. Waraka wa Mombasa, karatasi za New Street, makala ya Accra: hizo zote zilielekea juu, kwa watu wenye polisi na magereza. Kifungu cha 1930 hakijui tofauti hiyo, kwa sababu hakikuandikwa ili kumlinda jirani. Kiliandikwa ili kumlinda gavana. Kwa uchochezi wa mauaji zipo sheria, na ziwe kali.

Uingereza yenyewe ililifuta kosa la uchochezi mwaka 2009, ikikiri kwamba kuwapo kwake kulizipa nchi nyingine kisingizio cha kuwabana wanahabari. Bunge letu liliirekebisha Sheria ya Huduma za Habari mwaka 2023 na kulegeza baadhi ya vifungu, na wanaostahili sifa wapewe. Uchochezi ulibaki. Waheshimiwa wa Dodoma hawahitaji tume nyingine wala warsha ya wadau hotelini. Hukumu ya Arusha imekwisha kuandika kila kinachotakiwa. Wakifute cha 52 na wakifute cha 53.